Uzuri wa Kijumba na Njaa ya Aliyemo Ndani

Iko picha moja ambayo wengi wetu tumeiona hata kama hatujui ni nani aliyeichora. Kijumba kilichoezekwa kwa nyasi kimejiinamia chini ya mti mkubwa. Moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye dohani. Mama mwenye aproni nyeupe amesimama mlangoni na mtoto kiunoni, kuku wanadonoa uani, waridi limetambaa ukutani hadi dirishani, na jua la jioni limekipaka kila kitu rangi ya asali. Picha hii, kwa sura zake nyingi, imechapwa kwenye kalenda, kwenye makopo ya biskuti na kwenye kadi za Krismasi. Imetundikwa hotelini na katika vyumba ambamo wagonjwa humsubiri daktari. Hakuna anayeibishia, kwa kuwa haionekani kudai chochote. Ni pambo tu, tunasema. Ni ya kupumzisha macho.

Mimi nataka kuibishia. Ninaamini kwamba picha ya kijumba cha shambani ni miongoni mwa hoja za kisiasa zilizofaulu mno katika historia ya sanaa ya Ulaya, na kwamba imefaulu kwa sababu hakuna anayeitambua kuwa ni hoja. Inasema kwamba maskini wa shamba ameridhika. Inasema kwamba umaskini wake ni aina ya uzuri, na kwamba anayetaka kumbadilishia hali anataka kuharibu kitu kizuri. Tena hoja hiyo haikubaki ukutani. Ilishuka, ikajenga vijiji na kubomoa vingine, na baadaye ikavuka bahari.

Tuanzie England, maana huko ndiko aina hii ya uchoraji ilikokomaa. Kwa karne nyingi mwanakijiji wa kawaida wa huko, hata asipomiliki shamba, alikuwa na haki za kimila juu ya ardhi ya pamoja. Aliweza kumlisha ng'ombe wake mmoja, kufuga mabata, kukata kuni na mboji ya kuwashia moto, na kuokota masazo ya ngano baada ya mavuno. Haki hizo ndizo zilizomtenganisha na ukibarua mtupu. Kisha ukaja uzio. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuifungia ardhi ya pamoja na kuigawa kuwa mali ya watu binafsi. Ardhi iliyoguswa ilikuwa ekari zipatazo milioni 6.8, zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England yote. Nyingi kati ya sheria hizo zilipitishwa katika miongo iliyozunguka mwaka 1800. Mwenye hati alipewa fidia ya kipande cha ardhi, ambacho mara nyingi kilikuwa kidogo mno hata gharama ya kukizungushia uzio ikamshinda, akakiuza. Aliyetumia ardhi kwa mazoea tu, bila karatasi, aliambulia patupu. Aliuza ng'ombe wake, akawa kibarua wa ujira wa wiki katika shamba ambalo jana alilichungia.

Ni katika miongo hiyohiyo ambapo uchoraji wa mandhari ya shamba uliota mizizi na kuchanua. Uhusiano wa mambo hayo mawili tunaweza kuuona katika picha moja maarufu ya Thomas Gainsborough, aliyoichora mnamo mwaka 1750 na ambayo sasa imo katika National Gallery mjini London. Inawaonyesha Bwana na Bibi Andrews wakiwa katika shamba lao karibu na Sudbury. Bwana amesimama na bunduki kwapani, bibi ameketi na gauni lake la buluu, na upande wa kulia yamejipanga matita ya ngano iliyovunwa, kwenye shamba lililopandwa kwa mistari iliyonyooka. Ngano imekatwa, imefungwa na kusimamishwa, lakini hayumo hata mtu mmoja aliyeikata, kuifunga wala kuisimamisha. John Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1972 juu ya namna tunavyotazama, aliwakumbusha wasomaji wake kwamba wawili hao hawakuwa wapenzi wa maumbile tu. Walikuwa wamiliki, na umiliki huo umeandikwa kwenye nyuso zao. Nami naongeza kwamba kazi iliyoondolewa pichani ndiyo inayoufanya umiliki wao uonekane kama hali ya hewa: jambo lililopo tu, lisilo na aliyelifanya.

Miaka thelathini baadaye, mwaka 1780, Gainsborough huyohuyo alionyesha picha nyingine, The Cottage Door, yaani mlango wa kijumba. Sasa maskini wameingia pichani. Mama kijana amembeba mtoto mchanga mlangoni, na watoto wengine wamejikusanya miguuni pake katika mwanga wa jioni. Kila mmoja ana mashavu mekundu. Kijumba kimezama msituni, mbali na barabara, mbali na kanisa, mbali na nyumba ya bwana. Mume hayumo. Ukiuliza yuko wapi, jibu ni kwamba yuko kazini. Lakini kazi yenyewe, bwana anayempa kazi hiyo na ujira anaoupata havimo. Maskini ameruhusiwa kuonekana kwa sharti kwamba kazi yake isionekane.

Wapo walioling'amua jambo hili mapema. Mwaka 1783 mshairi George Crabbe, mzaliwa wa pwani ya Suffolk aliyekulia katika hali ya chini, alichapisha utenzi wake The Village kwa nia ya wazi ya kuwajibu washairi waliopaka sukari maisha ya kijijini. Aliwataka wamtazame mkulima mzee aliyevunjika mgongo na nyumba ya wasiojiweza ya parokia ilivyo kwa ndani. Waswahili tuna neno lililomtangulia: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Crabbe alikuwa amewaona kunguni kwa macho yake, nao waliopamba kuta kwa picha za vijumba walikuwa wamekitazama kitanda kutoka dirishani.

Lakini ladha ya zama hizo ilikuwa upande wa pili. Kasisi William Gilpin, aliyewafundisha Waingereza wa tabaka la kati kusafiri na kuitazama nchi kana kwamba ni picha, aliandika jambo linalostahili kukumbukwa. Kimaadili, alikiri, mtu mchapakazi anapendeza kuliko mkulima anayezubaa; ila kwa jicho la mpenda mandhari, mambo ni kinyume chake. Tafakari maana yake. Yamewekwa macho mawili katika kichwa kimoja, jicho la haki na jicho la uzuri, na limeruhusiwa la pili kulifumba la kwanza. Ukuta uliopasuka unapendeza kuliko mzima. Paa lililobonyea lina haiba kuliko lililonyooka. Nguo yenye viraka ina rangi nyingi kuliko nguo mpya. Kwa mizani hiyo, kila hatua ya maskini kuelekea nafuu ni hasara kwa mtazamaji. John Ruskin, aliyekuwa mwenyewe mpenzi mkubwa wa mandhari, aliliona balaa hili, na mwaka 1856 aliwakemea wale wanaofurahia magofu na matambara bila kuwawazia wanaoishi humo. Aliuona upenzi wa namna hiyo kuwa ni ukosefu wa moyo.

Mpaka hapa mtu anaweza kuniambia: hayo ni mambo ya rangi na turubai, nani ameumizwa? Jibu liko Dorset, mahali paitwapo Milton Abbas. Mnamo miaka ya 1770 na 1780, Lord Milton aliona kwamba mji mdogo wa Middleton, uliokuwa jirani na jumba lake, unamharibia mandhari. Aliubomoa. Mtaalamu mashuhuri wa bustani, Capability Brown, alishiriki katika kulipanga bonde upya ili macho ya bwana yapite juu ya majani na maji bila kukwazwa na dari la mtu. Wakazi walihamishiwa katika kijiji kipya nyuma ya kilima: vijumba vyeupe vya paa la nyasi, vya sura moja, vimepangwa pande mbili za barabara. Leo watalii hufika Milton Abbas kwa mamia kupiga picha, wakisema hiki ndicho kijiji halisi cha Kiingereza. Ni kijiji kizuri kweli. Kilijengwa ili watu wasionekane.

Karibu na Bristol kipo kitongoji kingine, Blaise Hamlet, kilichobuniwa na msanifu John Nash mnamo mwaka 1811 kwa ajili ya watumishi wazee wa tajiri mmoja wa benki. Ni vijumba tisa, kila kimoja na umbo lake, vimeizunguka bustani ya majani. Nia ilikuwa ya ukarimu, sikatai. Hata hivyo tazama kilichotokea: kwanza mchoraji alikiiga kijumba, kisha msanifu akaiiga picha, na hatimaye binadamu wakawekwa ndani wakamilishe mchoro. Picha ilikuwa imeshakuwa amri.

Katika mjadala huu hatuwezi kumkwepa John Constable, wala si haki kumweka kapu moja na wachoraji wa makopo ya biskuti. Alizaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na mmiliki wa kinu cha Flatford. Aliijua nchi aliyoichora: majina ya mashamba, tabia ya mawingu, namna mashua inavyojengwa. Picha yake ya mwaka 1821, The Hay Wain, inaonyesha mkokoteni wa kubebea majani makavu ukiwa umesimama katika maji ya mto Stour, farasi watatu, mbwa ukingoni, na upande wa kushoto kijumba cha mkulima mpangaji aitwaye Willy Lott. Ilipoonyeshwa London haikupata mnunuzi. Paris, mwaka 1824, ilimletea nishani ya dhahabu. Leo huenda ndiyo picha ya mandhari inayopendwa kuliko zote nchini Uingereza.

Sasa itazame tena, safari hii pembeni kabisa, mbali kwenye malisho ya upande wa kulia. Utaona vidoa vyeupe. Hao ni watu. Ndio wakata majani, watu ambao kazi yao ndiyo sababu ya mkokoteni kuwepo. Mwanazuoni John Barrell, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu upande wa giza wa mandhari hizi, alionyesha jinsi Constable anavyowasogeza vibarua mbali mpaka wanakuwa sehemu ya mimea. Kutoka umbali huo huwezi kuona kama mtu ameshiba au ana njaa, amefurahi au amekasirika.

Na walikuwa wamekasirika. Vita dhidi ya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, askari walirudi vijijini wakakuta kazi hakuna. Wakati huohuo Bunge la wenye ardhi lilipitisha Sheria ya Nafaka iliyozuia ngano ya nje ili bei ya mkate isishuke. Mwaka 1816 vibarua wa mashariki mwa England waliandamana wakidai mkate, na baada ya ghasia za Littleport na Ely watu watano walinyongwa. Mwaka 1822, mwaka mmoja tu baada ya The Hay Wain, ghasia zilirudi Suffolk na Norfolk. Constable alizijua habari hizo. Aliandika barua kwa rafiki yake John Fisher akimweleza wasiwasi wa ndugu yake aliyebaki Suffolk, kwamba haupiti usiku bila moto kuonekana karibu au mbali. Mazizi na maghala yalikuwa yakiteketezwa. Mchoraji alijua kwamba bonde lake linawaka, naye akaendelea kulichora likiwa na umande.

Simlaumu kwa kutochora moto. Msanii hana wajibu wa kuwa mwandishi wa habari, na huenda ile shauku yake ya bonde tulivu ilikuwa na uchungu wa mtu anayeona kipenzi chake kikimponyoka. Ninachosema ni kwamba sisi tunaotazama hatuna ruhusa ya kuichukua picha hiyo kama ushahidi wa jinsi watu walivyoishi. Miaka minane baadaye, mwaka 1830, vibarua wa kusini na mashariki waliinuka kwa wingi, wakavunja mashine za kupura nafaka zilizowanyang'anya kazi ya msimu wa baridi, na kutuma barua za vitisho zenye saini ya Kapteni Swing, mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Watu 19 walinyongwa, na karibu 500 walipakiwa melini kupelekwa Australia. Mwaka 1834 ikafuata sheria mpya ya maskini, iliyokusudia kwamba asiyejiweza apate msaada ndani ya nyumba ya kazi tu, ambamo mume, mke na watoto walitenganishwa. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitokea nyuma ya ule mlango wenye waridi.

Na ndani ya mlango? Hapa tuna takwimu. Mnamo mwaka 1864 Dk. Henry Julian Hunter alitumwa na serikali kuchunguza makazi ya vibarua wa mashambani, na ripoti yake ilichapishwa mwaka uliofuata. Alikagua vijumba 5,375. Kati ya hivyo, 2,195 vilikuwa na chumba kimoja tu cha kulala. 2,930 vilikuwa na viwili. Na 250 pekee ndivyo vilivyozidi viwili. Wazazi, watoto wakubwa wa kike na wa kiume, na mara nyingine mpangaji, wote katika chumba kimoja. Homa ikiingia, haikuwa na mlango wa kutokea. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba katika parokia na vitongoji 821 nyumba zilikuwa zikibomolewa ilhali mahitaji yakiongezeka. Sababu yake ilikuwa ya kihasibu: maskini aliyeishi ndani ya parokia alihudumiwa kwa kodi ya wenye ardhi wa parokia hiyo, kwa hiyo mwenye ardhi aliyebomoa kijumba alimsukumia jirani mzigo. Kibarua akahamia mbali, akawa anatembea maili kadhaa kila alfajiri kwenda shambani. Karl Marx aliinukuu ripoti hii kwa kirefu katika Das Kapital. Wachoraji wa vijumba hawakuihitaji.

Ni baada ya hapo, England ilipokwisha kuwa nchi ya miji, ndipo picha ya kijumba ilipopata soko lake kubwa. Sensa ya mwaka 1851 ilikuwa imeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu walikwisha kuishi mijini. Birket Foster na baadaye Helen Allingham, wote wakiishi karibu na kijiji cha Witley huko Surrey, walichora kwa rangi za maji mamia ya vijumba vya kupendeza. Allingham ni mtu wa kuheshimiwa: mjane aliyewalea watoto wake kwa kazi ya mikono yake, na mwanamke wa kwanza kukubaliwa kuwa mwanachama kamili wa chama cha kifalme cha wachoraji wa rangi za maji, mwaka 1890. Alichora kwa haraka kwa sababu vijumba vilikuwa vikibomolewa au kukarabatiwa, naye alitaka kuweka kumbukumbu. Lakini alipokuta mwenye nyumba ameweka dirisha jipya, mara nyingine alilirudisha la zamani kwa brashi. Yaani familia ilijipatia mwanga zaidi wa kushonea nguo jioni, na mchoraji, kwa mapenzi mema kabisa, akawarudisha gizani. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, kwanza, kwamba maskini naye anapenda uzuri, na kwamba kumnyima mtu wa kijijini picha ya furaha ni kumdhalilisha kwa namna nyingine, kana kwamba hajui kucheka. Hoja hii ni nzito na ninaikubali nusu. Vicheko vilikuwepo, bustani zilikuwepo, na wapo wanakijiji waliokipenda kijiji chao kuliko Constable. John Clare alikuwa mmoja wao. Alizaliwa mwaka 1793 kijijini Helpston, mtoto wa kibarua, naye mwenyewe kibarua. Aliandika juu ya ndege, nyasi na vijia kwa upendo ambao hauna mfano. Lakini kwa kuwa aliandika kutokea ndani, upendo huo haukumzuia kuuona uzio. Baada ya sheria ya mwaka 1809 kuifunga ardhi ya kijijini kwake, aliandika kwa hasira juu ya vijia vilivyozibwa na vibao vya kuwakataza watu kupita. Anayeishi mahali hubeba vyote viwili, uzuri na dhuluma, katika kifua kimoja. Picha ya kijumba inabeba kimoja na kukitupa cha pili.

Nitaambiwa, pili, kwamba mimi ni Mwafrika wa Mashariki, na Suffolk ya mwaka 1821 hainihusu. Inanihusu, kwa maana ile jicho la Gilpin lilisafiri. Neno ambalo Waingereza hulitumia kwa hifadhi ya wanyama, park, kwa asili lilikuwa eneo la bwana mwenye ardhi lililozungushiwa uzio ili afugie na kuwindia paa wake. Na kwa ajili ya bustani ya namna hiyo ndipo mji wa Middleton ulipobomolewa. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakichunga katika nyanda za Serengeti waliondolewa ili nyanda hizo ziwe hifadhi ya taifa isiyo na wakazi, wakaelekezwa Ngorongoro. Huko nako kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, na ujenzi wa nyumba za kudumu umewekewa masharti. Tangu mwaka 2022 familia zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni, zoezi ambalo serikali inasema ni la hiari na wakosoaji wake wanalipinga. Zipo hoja za kiikolojia katika suala hilo, nazo zijadiliwe kwa uzito wake. Ila nawasihi tuitenge hoja ya ikolojia na hoja ya mandhari. Anayesema kwamba paa la bati linaharibu sura ya Ngorongoro hazungumzii nyasi wala nyumbu. Anazungumza lugha ya Lord Milton.

Tazama pia picha tunazowauzia wageni sisi wenyewe. Ukipita penye maduka ya vinyago na michoro, utaona vibanda vya msonge, mbuyu, jua jekundu, na mwanamke aliyebeba mtungi kichwani. Hakuna nguzo ya umeme, hakuna pikipiki, hakuna bati. Simlaumu mchoraji, anauza kinachonunuliwa, naye ana kodi ya kulipa. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alitoka Tunduru kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi, kimakosa. Wanyama wake wa kupendeza wamesambaa duniani kote. Mkonge ambao aliufanyia kazi haukuuzika ukutani.

Mwanamke mwenye mtungi katika picha hizo anapendeza kwa mstari wa shingo yake. Ukimuuliza yeye, atakuambia kwamba kisima kiko mbali. Aliyeishi chini ya nyasi anajua kwamba paa hilo huvuja, hufuga panya, huhitaji kuezekwa upya kila baada ya misimu michache, na kwamba cheche moja huliteketeza. Ndiyo maana fedha ya kwanza ya mazao, na fedha ya kwanza anayotuma kijana aliyeko mjini, hununua bati. Halafu aliyezaliwa chini ya vigae huja na kamera, akasikitika kwamba kijiji kimepoteza uhalisi wake.

Sipendekezi picha zichomwe wala hoteli zipigwe faini. Napendekeza tujifunze kuzisoma, na tuwafundishe wanafunzi wetu kuzisoma kama wanavyosoma mkataba. Mwalimu wa sanaa na mwalimu wa historia wakae darasa moja, waitundike picha, waulize: Ardhi hii ni ya nani? Kazi imefanywa na nani, naye yuko wapi? Maji yanatoka wapi? Jua likishazama na mchoraji akafunga sanduku lake, watu hawa watalala wangapi katika chumba? Na kubwa kuliko yote: kama aliyemo ndani angepewa brashi, angeanza kuchora nini? Maswali haya hayaharibu uzuri wa picha. Constable anayavumilia vizuri kabisa. Makopo ya biskuti hayayavumilii, na hiyo ni njia nzuri ya kutofautisha sanaa na uzuri wa mkakasi.

Maswali hayohayo tuyaulize kwa wapangaji wa mipango yetu. Kila ripoti ya maendeleo siku hizi ina jalada, na kwenye jalada pana picha ya mkulima anayetabasamu. Mara nyingi jina lake halikuandikwa. Bwana na Bibi Andrews tunawajua kwa majina, na shamba lao tunalijua lilipo, karne mbili na nusu na zaidi baada ya rangi kukauka. Yule mama wa mlangoni, mwenye mtoto mkononi na mume asiyeonekana, hakuna aliyeona haja ya kutuambia anaitwa nani.